Filimbi ya Tonton Bosco

Jumamosi, jioni

Na bado anajiita mushauri!

Juma muzima nimevuka muto na pirogi mpaka Lubunga, nyumba kwa nyumba, kuomba bamama batusaidie kusafisha chemchem. Batoto yabo banaharisha sababu ya maji ile. Mimi, prezida wa klabu ya parokia, sikutamka hata mara moja neno salongo. Zamani ilikuwa kazi ya bote pamoja. Tangu vita, basoda banasema "salongo" wakati banakamata batu ya kubeba risasi zabo.

Leo asubuhi bamama bakakuja, makumi mbili na zaidi, na majembe mabegani. Nilifurahi, kweli. Alors Tonton Bosco, huyu mushauri wetu asiyejua jembe inashikwa wapi, akashuka pirogi na viatu ya kung'aa. Akapiga filimbi. Akapaaza sauti: "Salongo! Bote kwa mustari!"

Bote bakakimbilia pori. Majembe yakabaki chini, na kandambili moja.

"Batu ya huku habana nidhamu," akaniambia, akipangusa viatu na kitambaa.

Nidhamu! Kichwa kikubwa vile, ndani hewa tupu.

Tulibaki kuchimba batu sita tu ya klabu. Matope iko pale pale, na kesho batoto batakunywa maji ile ile. Bamama habatakuja tena nikiita, hata nikipiga magoti.

Na ile filimbi... Nilimununulia mimi mwenyewe, Jumatano, ili acheze nayo na aniache nifanye kazi.