Sahani ya Mwisho ya Kampuni Yetu

Nyumba Na. 41,
Lozells, Birmingham,
Uingereza.
16 Machi 1974

Mpendwa dada Edah,

Hamjambo huko nyumbani? Mgongo wako je, umeacha kukusumbua? Mimi ni mzima, ila baridi ya hapa haina adabu. Binti yako Peninah naye ni mzima, anaendelea na uuguzi wake, na hata amenenepa kidogo. Usimwambie nimesema.

Sasa keti nikupe habari. Ile kampuni ya muziki wa soul, ule wa Wamarekani weusi, niliyoanzisha na Baldev, yule Singasinga wa Kisumu ninayefanya naye kazi kwenye kiwanda cha magari Longbridge, imefungwa. Usinipe pole! Imeishi miezi kumi na minne, imetoa sahani nne za santuri, na hiyo ya nne imetutoa kimasomaso.

Tatu za kwanza zilidoda, nisikufiche. Zimejaa chini ya kitanda changu mpaka leo. Kisha mwenye studio tuliyoikodi akauza jengo, akatuachia Jumamosi moja tu, kwa muda wa saa tatu. Nami nilikuwa nimeapa kwamba kampuni haifi kabla sauti ya Peninah haijaingia kwenye sahani.

Tukafanya ujinga, dada. Tulimfungia peke yake katika chumba cha vioo, na vidude masikioni, kama wafanyavyo Wazungu. Akaanzisha ule wimbo wake wa Kiswahili, akanyamaza. Akaanza tena, akanyamaza. Saa mbili zikayeyuka hivyo. Nikaanza kumfokea, Mungu anisamehe. Akanitazama, akasema, "Mjomba, mimi naanzisha. Anayeitikia ni nani?"

Aibu niliyoiona! Mimi niliyekulia kwenye kwaya pamoja nawe, nimesahau kwamba kwetu mwanzishaji haimbi bila waitikiaji! Baldev hakungoja. Alitoka mbio mpaka bweni la wauguzi, mtaa wa pili, akarudi na Charity, Kemunto na wenzao sita, wengine bado wamevaa sare za hospitali. Wakajipanga, wakapiga makofi. Peninah akaanzisha, wakamjibu, na Baldev na kilemba chake akaitikia kwa nguvu kuliko wote. Wapiga gitaa wa hapa tuliowakodi wakaacha kutazama saa. Mara moja tu, wimbo ukanaswa!

Weee! Sahani mia tano ziliisha kwa majuma matatu. Kwenye kumbi za dansi vijana wa Kiingereza wanaitikia maneno wasiyojua maana yake, jasho likiwatoka. Sisi hawa, wafunga nati wa Longbridge! Studio nyingine hatuna, basi tumefunga kampuni, lakini tumefunga tukicheka.

Cleopas, mwanafunzi anayerudi nyumbani, atakuletea sahani moja. Mwombe Mwalimu Solomon gramafoni yake. Nisalimie shemeji Shem, shangazi Truphosa na watoto wote. Mola awape mvua ya kutosha na afya tele.

Jambo moja, dada. Ubeti wa mwisho utausikia hauna waitikiaji. Usidhani sahani imeharibika. Peninah mwenyewe aliwanyamazisha wenzake kwa mkono. Anaanzisha, kisha yanabaki makofi tu. Nilipomwuliza, alisema ni miaka mitano hajaimba nawe, na hapo ni mahali pako. Itikia, dada.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,
Fanuel