Kwa Mtani Niliyekaa Naye Kwenye Hoki ya Barafu

Kwako mtani wangu Komba, Mngoni uliyeondoka bila kuaga kama ilivyo kawaida ya watu wa kwenu,

Mimi mzima. Watoto wako, ambao mimi ndiye anko wao na wakili wao kwa kila kosa, nao wazima. Shemeji, mkeo, amesharudi kutoka kukuzika Songea. Amesema watu walikuwa wengi na mvua ilinyesha. Nakuandikia hadharani, anayetaka kusoma asome, kwa sababu mimi na wewe hatukuwahi kuambiana jambo kwa kunong'ona.

Unakumbuka tulivyovipata vile viti? Mzee wetu wa pale kwenye nyumba ya wazee tulikofanya kazi, Coon Rapids, yule aliyekuwa hakubali kuogeshwa na mtu mwingine ila wewe, alikuwa na viti viwili kwenye uwanja wa hoki wa chuo kikuu tangu ujana wake. Miguu ilipomgomea akatukabidhi sisi, akasema visikae vitupu, maana timu kubwa ya mji ilikwishahama kwenda kusini kwenye joto, na chuo ndicho kilichobaki. Wewe ulidhani hoki ni ile ya kwenye majani, wanayocheza Wahindi wa Dar es Salaam. Mimi nilijua. Sitaki ubishi, nilijua. Mtu aliyezaliwa Mufindi, mahali ambapo mwezi wa saba asubuhi majani ya chai yanavaa barafu, ataogopaje barafu ya Wazungu? Nikamweleza mzee kwamba ujanani nilikuwa nateleza juu ya umande ulioganda kutoka Mafinga mpaka Sao Hill bila kunyanyua mguu. Ukanikata palepale, mbele ya mzee wa watu:

"Mhehe, wewe umeteleza mara moja tu maishani, siku ulipokuwa unamkimbiza mbwa wa mchungaji umfanye kitoweo."

Mzee alicheka mpaka tukamwongezea mto mgongoni.

Halafu ile siku ya kwanza. Tumetoka kwenye baridi ya nje inayokata masikio, tunaingia ndani tunakuta wametengeneza nyingine. Ukasimama mlangoni na koti lako refu, ukauliza, "Kwani hii ya bure haikuwatosha?" Chini kule weupe mtupu, unang'aa kama sahani ya harusi, na vijana wamevaa viatu vyenye visu wanapita kwa kasi ambayo hata basi la Iringa likishuka mlima Kitonga halina. Wana fimbo, wanakigombania kisahani cheusi cha raba ambacho wewe mchezo mzima hukukiona. Ulikuwa unashangilia kwa kufuata kelele za wengine.

Nikatangaza kwamba mimi ni wa Minnesota, timu ya nyumbani. Palepale, bila kufikiri, ukawa wa wageni, wale wa kutoka Wisconsin. Hukuwa unamjua hata mchezaji wao mmoja. Kesho yake ukanunua skafu yao nyekundu, ukaivaa mpaka kazini, ili mradi tu moyo wangu usitulie.

"Mla mbwa!" ukapiga kelele. "Mtazame golikipa wako, ametanua miguu kama bibi yako anapepeta mahindi!"

"Nyamaza, mtembezi! Babu zako walitoka Afrika Kusini kwa miguu wakitafuta mtu wa kumpiga, wakatukuta sisi, wakapigwa wao!"

"Hatukupigwa! Tulichoka kuwapiga, tukakaa chini tule kidogo!"

Tukasimama, pua kwa pua, vidole machoni. Kumbe nyuma yetu kuna yule bibi wa blanketi la mistari, ambaye hajawahi kusikia utani tangu azaliwe. Aliona Waafrika wawili wanataka kuuana, akaenda kumwita askari. Na wakati huohuo kule barafuni wanaume wawili wametupa glavu, wanatwangana ngumi za uso, damu inadondoka, na refa amesimama pembeni anawatazama kama mtu anayengoja chai ichemke. Askari akaja kwetu.

"Mabwana, kuna ugomvi hapa?"

"Upo," ukamjibu, ukanyoosha mkono. "Ule kule."

Watu wa safu tatu nzima walicheka. Halafu ukanishika bega, ukamweleza askari na bibi kwa sauti ya upole ambayo sikujua unayo, kwamba mimi ni ndugu yako, makabila yetu yalipigana zamani, na sasa tunalipana kwa matusi ya kuchekesha. "Siku nikifa," ulimwambia, "wengine wote watalia. Huyu kazi yake ni kunicheka." Bibi akauliza kama huwa tunapendana hivyo kila siku. Ukasema hapana, leo ni Jumamosi, siku za kazi tunazidisha.

Na kile kisahani, mtani. Kile kilichoruka juu ya kioo kinachozunguka uwanja kikaja upande wetu kama risasi. Nilikidaka kwa mkono wa kushoto, kulia nimeshika kahawa, na halikudondoka tone. Wewe miaka yote umeapa kwamba nilikuwa chini ya kiti nimeziba macho, na kwamba kisahani kilikuja kugonga soli ya kiatu changu ndipo ukakiokota wewe. Kila nilipoisimulia hadithi hiyo ulikuwepo kuikata. Juzi niliisimulia kanisani Saint Paul baada ya ibada. Safari hii kahawa ilikuwa vikombe viwili, na kisahani nilikidaka kwa meno. Wakatikisa vichwa. Wakasema hongera. Mtani, hongera! Uongo mkubwa namna ile ukaachwa upite barabarani peke yake, hakuna hata aliyeusimamisha kuuliza unakwenda wapi.

Asubuhi ile ya theluji nzito ulitoka pale kwenu Saint Louis Park kufukua gari, moyo ukakataa. Shemeji alikuona kupitia dirishani umeinamia koleo, akadhani unapumzika.

Ibada ilikuwa Saint Paul, kisha jioni usafirishwe. Shemeji akaja kwangu, macho yamevimba, akaniambia, "Shemeji, huku Minnesota mtani wake ni wewe tu. Usipomtania, ataondoka kama mtu asiye na kwao." Niliogopa. Mimi niliyewahi kumtimua simba kwa kofia, nilimwogopa mwanamke mwenye kitenge cheusi. Nyumbani watani wangekuja kumi, mmoja akivaa suruali yako, mwingine akilala kaburini kukataa usizikwe, na mtu akishindwa mwenzake anapokea. Hapa nikishindwa mimi, basi, ndege inaruka umenyamaziwa.

Nikavaa koti lako refu. Nikajifunga skafu yako nyekundu. Nikavua viatu, nikachukua ufagio wa kanisa kuwa fimbo ya hoki, nikateleza kwa soksi katikati ya mabenchi, nikianguka kama unavyoanguka wewe kwenye maegesho, makalio kwanza, mikono ikitafuta mti ambao haupo. Nikashangilia goli kabla halijaingia, tena kwa timu isiyolifunga. Waliofanya kazi nawe walishika midomo. Yule bwana wa suti nyeusi aliyeleta gari la maiti akanikamata kiwiko, akaninong'oneza kwamba mzee, tafadhali, familia iko kwenye msiba.

"Mwachie," shemeji akasema kutoka benchi la mbele. "Yuko kazini."

Nikaenda nikalala kwa mgongo mlangoni, mbele ya jeneza. "Huyu Mngoni hatoki humu," nikapaza sauti, "mpaka akiri kwamba Wisconsin walifungwa! Mwongo huyu! Hata kisahani alikuwa hakioni! Aseme sasa hivi!"

Kanisa zima likacheka. Shemeji alicheka mpaka akashikilia benchi, na ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ya koleo.

Kisha nikanyamaza, maana zamu ilikuwa yako.

Ndivyo tulivyozoea. Natupa moja, unatupa moja. Nililala pale sakafuni nimetega sikio, najua kabisa utakachosema, kitakuwa kuhusu mbwa au kuhusu bibi yangu. Watu waliendelea kucheka, kicheko kikapungua, kikaisha. Wakadhani nimechoka. Wakaninyanyua kwa makwapa, wakakupitisha.

Nimekwenda tena hoki. Kiti chako nimekiwekea koti. Wisconsin walipofunga, ukumbi wote ukawa kimya, bendi imeshusha matarumbeta, nami nikageuka kushoto kwa mazoea, nimekaza uso kupokea matusi. Yule bibi akainama kutoka nyuma, akanifunika magoti kwa blanketi lake, akasema pole. Mtani, nililia kwa sauti katikati ya Wazungu, na hapa siongezi chumvi.

Kila mtu ni mwema kwangu siku hizi. Kazini wananishikia mlango. Kanisani wananiita mzee, wananipisha mbele kwenye foleni ya chakula. Watoto wako nikiwadanganya wananitazama kwa huruma, wanasema ndiyo, anko. Kuanzia Coon Rapids mpaka ng'ambo ya mto, mji wote umenishikia adabu, hakuna hata mmoja anayenidharau. Ndipo nikajua kwamba kweli umekufa.

Nenda, Komba. Nenda tu.

Mtani wako,
uliyemwacha na watu wastaarabu.