Wamemuua Mura, na Mimi Nimemficha Baba Mdogo

Jumamosi, Butiama. Mvua imenyesha tangu asubuhi, ile ya polepole isiyo na haraka na mtu, na sasa imeacha ukungu juu ya mawe ya mlimani. Nimekaa barazani kwa Baba mdogo Magesa, nimejifunika kitenge cha mkewe, akili yangu iko nusu macho nusu usingizini. Acha niandike kabla haijanitoka.

Wamemuua Mura.

Kama hukukulia Musoma hutamjua kwa jina hilo. Ni yule jasusi wa filamu za kizungu, mwenye koti jeusi na saa ya mkononi inayofungua milango ya benki. Filamu zake zilikuwa nyingi, zikakaa kimya miaka, na sasa wameanza upya na kijana mpya. Kwenye filamu ana jina lake la kizungu. Mura alibatizwa na Baba mdogo.

Baba mdogo alikuwaga mtafsiri kwenye banda la video pale Mwigobero. Nyinyi mnaangalia, yeye amekaa pembeni na maiki, anawaambia kwa Kiswahili wazungu wanasema nini. Kiingereza chenyewe hakujua. Alijua yesi na noo, basi, mengine yote aliyatoa kichwani. Mura alikuwa na mama yake kijijini Nyegina. Mura akikimbiza boti baharini, alikuwa anawahi kuanua dagaa kabla hawajalowa. Akimbusu mwanamke, Baba mdogo anakohoa kwanza, halafu anasema, "Hapo wanasalimiana, watoto tazameni pembeni." Jamani, tulikuwa tunavunjika mbavu.

Nilipofika sekondari nikaanza kushika Kiingereza, nikaziangalia tena zile filamu peke yangu. Mura hakuwa na mama. Hakuwa hata na kwao. Alikuwa jamaa mmoja mkavu anayeongeaga habari za mabomu tu. Sikumpenda. Wa kwangu ni yule wa Mwigobero, mpaka leo, na mimi ni mtu mzima mwenye kazi na nyumba ya kupanga.

Sasa hii mpya. Wiki hii nimewekewa kwenye flashi, nikaiangalia chumbani kwangu Kamunyonge, mlango nimefunga. Siwezi kudanganya, imeniudhi. Inaanzia makaburini. Mvua, miamvuli, jeneza, jina lake limechongwa kwenye jiwe. Kaisha! Hata sura yake ya mwisho hawakutuonyesha. Ndipo anatokea huyo kijana na ndevu hajachana, anaambiwa kuanzia leo kazi ni yako. Ananuna filamu nzima. Hatanii mtu, na akipigana utadhani ametumwa na mama mkwe.

Nililia. Ndiyo, nililia msiba wa mtu ambaye hajawahi kuwepo.

Halafu nikamkumbuka Baba mdogo, nikaogopa.

Sukari imemmaliza macho. Mwaka jana jicho moja lilikuwa bado linaona mwanga, sasa hata hilo hamna. Amerudi huku nyumbani, anakaa siku nzima ameuelekea ukuta. Alisikia redioni kwamba filamu zinaanza tena, na tangu hapo nikipiga simu, hata salamu hajamaliza: "Mura hajarudi tu?"

Mama mdogo alinivuta pembeni nilipofika. "Ndicho kitu pekee anachokisubiri," akasema. "Usije ukamharibia."

Kumbe yeye alikuwa amejiandaa. Amevaa shati la kola, amenyoa, amevuta kiti karibu na meza nilipoweka kompyuta. "Leo mtafsiri ni wewe," akaniambia. "Mimi mteja."

Nikabonyeza. Kengele ya kanisa ikaanza kulia kule makaburini, na mimi nikafungua mdomo nikasema, "Baba mdogo, Mura anaoa."

Aka! Uongo ulivyonitoka kirahisi. Mvua nikasema ni baraka. Padri wa mazishi nikamfanya wa ndoa. Mwanamke aliyekuwa analia nikasema ni mama wa Nyegina, analia kwa furaha. Alipoingia yule kijana nikasema ni Mura huyohuyo, sauti tu ina mafua. Kadiri nilivyoendelea ndivyo chumba kilivyokuwa kinaniponyoka. Sikuwa Butiama tena. Nilikuwa gizani Mwigobero, kwenye benchi la mbao, na sauti inayotoka kinywani mwangu ilikuwa ya Baba mdogo wa zamani, na kikohozi chake pia. Mama mdogo aliacha kuchambua mchele, akacheka mpaka akafuta machozi. Nilikuwa na furaha, yaani furaha kabisa.

Baba mdogo alikuwa ametulia, mikono magotini.

Filamu ikaisha. Muziki wa mwisho ukapiga mpaka ukakatika wenyewe.

"Nyangeta."

"Abee, baba."

"Walimzika wapi?"

Akasema amezika watu wengi, na kwa kusikia nyayo tu, harusini watu hawatembeagi hivyo. Alijua tangu mwanzo, kengele ikilia. Hakuwa hata na hasira, na hiyo ndiyo iliyonimaliza. Nikajitetea. Nikamwambia nilitaka afurahi, nimefanya alichokuwaga anatufanyia sisi bandani, na mbona nimejifunza kwake?

"Hapana, mwanangu," akasema. "Mimi nilikuwaga nawaongopea watu wanaoona. Nikisema wanasalimiana, macho unayo, unaona wanachofanya, unacheka. Mimi sasa nina nini? Nina mdomo wako tu."

Mama mdogo aliinuka na ungo wake, akaingia jikoni. Nililia bila sauti, nikidhani hatajua, lakini alipapasa mezani mpaka akaupata mkono wangu.

"Rudisha mwanzo," akasema. "Niambie ilivyo."

Nikarudisha. Mvua ya kwenye filamu ikaanza tena, na ya kwetu ikawa inapiga bati, nikashindwa kujua ipi ni ipi. Kengele ikalia. Alikuwa amenishika mkono kwa nguvu, uso ameugeuzia kwangu, anasubiri.

"Kuna kaburi, baba," nikasema. "Na watu waliokuja si wengi."