Kilio cha Jirani Aliye Hai

Byamungu, nimepata aibu hapa Westerville, Amerika!

Niliona magari mengi kwa jirani, watu wamejaa uani, wamenuna. Nikajua yule mzee mgonjwa amekufa. Bon, nikabeba sufuria ya maharagwe, tukaenda kilioni na binti yangu Umutesi, maana Kiingereza anajua yeye.

Kumbe mzee ni mzima! Mzima, Byamungu! Ndiye anayehutubia!

Umutesi akaninong'oneza: "Papa, twende. Wanataka mwenye nyumba tunayopanga atufukuze. Wanasema wakimbizi tutaharibu mtaa."

Mzee akatuuliza tunatafuta nini. Nikamwambia Umutesi: "Mwambie tulifikiri amekufa, tukaja kumlilia."

Mtoto akamwambia hivyo hivyo! Mama mmoja akapokea sufuria, akanishukuru.

Lakini Byamungu, hakuna hata mmoja aliyesema tubaki.