Bunduki ya Kwanza Niliyoshika

Amani mjukuu wangu,

Huku Buffalo tuko wazima, Mungu asifiwe. Shangazi yako amehamia Cheektowaga, lakini mimi nimekataa kuliacha kanisa langu la West Side.

Umeniuliza kama nimewahi kushika bunduki, maana wenzako wa kazini huko Louisville hulenga shabaha kila Jumamosi na kusimuliana juu ya bunduki zao za kwanza. Nenda nao tu, sikukatazi. Mimi nilishika gobori ya baba yangu. Nguruwe-mwitu walikuwa wanatumalizia mihogo kule kijijini kwetu, naye akanifundisha, ingawa nilikuwa msichana.

Siku moja nguruwe mmoja alisimama wazi mbele yetu. Nikalenga. Baba akaushusha mtutu kwa mkono wake.

"Nyuma yake kuna nini?" akanong'ona.

"Majani tu, baba."

"Kuna njia ya mtoni. Ngoja."

Nguruwe akakimbia. Mara majani yakatikisika, akatokea mama yangu na ndoo ya maji kichwani.

Hatukumwambia kitu. Jioni tulikula sombe, yale majani ya mihogo, bila nyama, na baba alimtazama mama muda wote, mpaka mama akacheka: "Kwani leo usoni nina nini?"

Ni mimi koko wako, bibi yako ninayekupenda.