Paka aliyepelekwa kuwinda panya

Yaya Feza,

Tega sikio, hili ni tangazo rasmi: mdogo wako mwenye kitambi amenyang'anywa ndakala, dagaa wa huku, na paka hapa bandarini Kalemie! Mama aliyeniuzia alicheka: "Papa, ushukuru ni paka tu. Ule mbwa rafiki yake anauma!" Kweli, wawili hao hawana mwenyewe, lakini walilala mchangani mgongo kwa mgongo.

Jana mabaharia walimchukua paka awawindie panya botini. Mbwa alipotaka kupanda naye, walimfukuza. Boti ilipoondoka, akajitupa ziwani kuifuata. Tulimwita mpaka tukapwelewa sauti.

Nawakumbatia wote, yaya. Watoto waambie mbwa naye alipanda boti. Wewe nakwambia kweli: alichoka, akazama tukimwona.

Mdogo wako, Kalemie