Majaribio Sitini na Mawili

Korogwe, 14 Januari 2006

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na mama pia mpe shikamoo yangu. Mimi huku ni mzima kabisa, hofu yangu ni kwenu huko Kwamsisi, maana nasikia vuli imewapita kando. Mguu wako unaendeleaje?

Baba, siku ile naondoka uliniuliza nafanya kazi gani hasa hapa chuoni. Nikakujibu "kompyuta" tu. Najua jibu halikutosha. Tuna kompyuta moja tu yenye nguvu, nayo inatakiwa ibebe kila kitu: alama za wanafunzi, barua pepe, maktaba na mazoezi ya darasani. Ukivichanganya, kimoja kikiharibika kinaviharibu vyote. Sasa iko programu inayokaa chini kabisa ya kompyuta na kuigawa, ukapata kompyuta nne ndani ya mashine moja, kila moja ikijiona iko peke yake. Wenyewe wanaiita haipavaiza. Tena ni programu huria: maandishi yake yote yako wazi, yeyote anaweza kuyasoma, kuyarekebisha na kuyarudisha kwa wenzake. Wanaoitengeneza wametawanyika dunia nzima, wanaandikiana kwa barua pepe. Waliomba watu wa kuijaribu kabla haijatolewa rasmi, nami nimejiandikisha. Mtu mwingine wa Tanzania sijamwona.

Ni mimi mwanao,
Munira

*

Kwamsisi, 2 Februari 2006

Mwanangu Munira,

Marahaba. Sisi hatujambo, mguu unauma asubuhi tu. Mahindi ya vuli yamekauka yote, tunangoja masika.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti ili mama yako asikie. Hilo la mashine moja kugawanyika nimelielewa. Kwenye korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, injini yetu moja iliendesha mikanda mitatu. Nisichokielewa ni wewe kuwafanyia kazi watu usiowaona, bila mshahara. Mimi nilikuwa fundi wa korona miaka ishirini na miwili, na shamba lilipouzwa kwa mtu binafsi tulipunguzwa kwa karatasi ya mstari mmoja. Sitaki nawe utumiwe namna hiyo. Hao watu wanakujua hata jina?

Mama yako anauliza unakula nini.

Baba yako,
Mhina

*

Korogwe, 26 Februari 2006

Baba,

Shikamoo. Natumaini nyote ni wazima. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio umechoka. Mwambie mama nakula vizuri.

Nimeona kasoro kwenye ile programu. Umeme hapa unakatika karibu kila siku, na betri ya akiba ya chumba cha kompyuta ilikufa zamani. Siku ya Jumanne ulipokatika na kurudi, nikakuta alama nilizoingiza muda mfupi kabla hazipo. Na kompyuta ilikuwa imeniambia kabisa kwamba zimehifadhiwa! Nikawaandikia wenzangu wa ile programu. Anayewaongoza ni mtu wa Ulaya anaitwa Jonathan. Alinijibu mistari miwili: diski yako ni mbovu, nunua nyingine.

Hapohapo Mkuu wa Chuo, Mwalimu Habakuki, akaagiza matokeo yote ya mtihani yahamishiwe humo tarehe kumi Machi, na yale madaftari ya zamani yafungiwe stoo. Nikamwambia, "Mwalimu, bado. Tukiyaweka humo yatapotea."

Akaniuliza, "Mwenye programu anasema nini?"

"Anasema diski ni mbovu."

"Basi wewe unajua kuliko aliyeitengeneza?"

Walimu wengine wakacheka. Ameniambia nikifika tarehe kumi bila kuyahamisha, nikabidhi funguo za chumba cha kompyuta, niende zangu. Baba, labda kweli sijui. Labda niyahamishe tu yaishe.

Mwanao,
Munira

*

Kwamsisi, 4 Machi 2006

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika leo na hii inaondoka leo, kwa hiyo sitaandika mengi.

Mwaka 1987 beringi za korona zilikuwa zinaungua kila wiki. Mhandisi alisema ni sisi tunalisha majani vibaya. Nilitaka kumpiga. Mzee aliyenifundisha kazi akanivuta pembeni akasema, "Mhina, usibishane naye, mwonyeshe." Tukaandika kila siku mashine ilivyokwenda. Tulibadilisha kitu kimoja, tukatazama, tukakirudisha, tukabadilisha kingine. Ilituchukua miezi miwili. Kosa lilikuwa kwenye mhimili, ulikuwa umepinda unene wa kucha. Mhandisi aliuangalia, akaagiza mwingine.

Kwa hiyo fanya hivyohivyo. Wanakuambia ni diski? Jaribu kwenye diski nyingine, kwenye mashine nyingine kabisa. Shangazi yako Mwanaidi yuko Kerenge, na ile shule ya misheni pale ina kompyuta. Na usihamishe kitu unachojua kitapotea. Funguo ukinyang'anywa, mpe. Kwangu kuna chumba na kuna shamba.

Baba yako

*

Kwamsisi, 16 Aprili 2006

Munira,

Hujambo mwanangu? Wiki sita sasa hatujapata neno lako. Nilipanda mpaka mjini Chanika kupiga simu chuoni, wakasema hupo tena pale. Hawakusema uko wapi. Mama yako halali.

Hii naituma kwa shangazi yako Kerenge, huenda uko huko. Andika hata mstari mmoja.

Baba

*

Kerenge, 23 Aprili 2006

Baba yangu na mama yangu,

Shikamooni. Nisameheni sana. Nipo kwa shangazi, mzima wa afya, na nimenenepa kwa bada lake la unga wa muhogo. Sikuandika kwa sababu sikutaka kuandika nusu ya habari.

Tarehe kumi nilikabidhi funguo mbele ya walimu wote. Kesho yake nikapanda gari kuja Kerenge. Shule ya misheni wakaniruhusu kutumia kompyuta yao ya zamani, madarasa yakiisha. Nikaweka programu, nikaingiza alama za wanafunzi wa kubuni, halafu nikachomoa waya ukutani kwa mkono wangu mwenyewe. Nikawasha, nikahesabu, nikaandika kwenye daftari. Mara sitini na mbili, baba! Nilipojaribu bila programu, hakuna kilichopotea hata mara moja. Programu ikiwepo, zilipotea mara arobaini na moja kati ya hizo sitini na mbili. Diski haikuwa na kosa.

Nikaanza kuyasoma maandishi yenyewe. Wiki mbili nilikuwa sielewi kitu. Kisha nikapaona penye kosa. Kompyuta ya ndani inauliza, "Umeshaandika kwenye diski?" Programu inajibu, "Tayari," kumbe bado imezishika alama kichwani tu. Umeme ukikatika hapo, basi tena. Nilirekebisha mistari kumi na mmoja, nikarudia majaribio yote sitini na mawili. Haikupotea hata alama moja.

Nilituma kiraka changu, yaani ile mistari niliyorekebisha, pamoja na hesabu ya kila jaribio. Siku nne zikapita. Kisha Jonathan akaniandikia mbele ya wenzetu wote: "Munira yuko sahihi, mimi nilikosea. Kwetu umeme haukatiki, kwa hiyo hatukuwahi kujaribu. Tumeipokea kazi yake." Na kwenye orodha ya watengenezaji, inayokwenda na programu kila inakofika, pameandikwa: Munira Mhina, Korogwe, Tanzania. Uliuliza kama wananijua jina. Wananijua.

Jana Mwalimu Habakuki alikuja mwenyewe mpaka kwa shangazi. Alikuwa amempa mtu mwingine kazi ya kuyahamisha matokeo, umeme ukakatika, wakapoteza darasa zima, na sasa wanayaingiza upya kutoka kwenye madaftari. Hakukaa. Alisimama mlangoni, akanipa funguo, akasema, "Bi Munira, ulinieleza, sikusikia. Rudi uniambie lini tuko tayari."

Nikamwambia, "Nitakuambia, mwalimu."

Mwanao,
Munira

*

Kwamsisi, 7 Mei 2006

Mwanangu,

Marahaba, marahaba, na marahaba nyingine ya mama yako. Masika imekuja, mahindi yamefika magotini.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama. Mama yako akauliza, "Mbona unalia, kuna msiba?" Nikampa asome mwenyewe. Alisoma polepole, akaenda jikoni, nikamsikia akicheka peke yake. Hata mimi sikuwahi kufanya jaribio moja mara sitini na mbili, na nilijiona fundi.

Nina jambo moja la kukuambia, nimalizie. Unajua hapa kijijini tangu kaka yako mkubwa azaliwe watu wananiita Baba Ukasha. Ijumaa tumetoka msikitini, Salimu wa dukani akaniita kwa nguvu toka ng'ambo ya barabara, "Baba Munira! Hebu njoo uwaeleze hawa ile habari ya mashine!" Watu wakageuka kutazama anayeitwa ni nani.

Nikaitika.

Baba yako,
Mhina